Shajara ya hogo lisilo na kibandiko

4 Machi

Mwalimu kasema kila hogo litakalofunguliwa maabara muhula huu liwe na shajara yake, na mwandishi awe mmoja. Kura imeniangukia mimi kwa sababu nilichelewa kuingia, na kiti kilichobaki kilikuwa mbele ya daftari.

Kwa atakayesoma baada yetu: hogo ni lile lile wanalofungwa waliovunjika mguu. Mfupa wa kale ukionekana uwandani haung'olewi kama muhogo. Unachimbiwa pembeni mpaka ubaki umekaa juu ya kisiki cha udongo, kama kofia ya uyoga. Unafunikwa karatasi iliyoloweshwa ili plasta isiushike, halafu vinafuata vipande vya gunia la katani vilivyochovywa kwenye plasta, tabaka juu ya tabaka. Ikikauka, kisiki kinakatwa, mzigo unapinduliwa, upande wa pili unafungwa vivyo hivyo. Vitabu vinaliita koti. Mjomba, fundi wa maabara, analiita hogo, na Mjomba akishakipa kitu jina, limekwisha hilo.

Tuko wanne. Mimi wa biolojia, mwaka wa tatu. Mwenzetu wa jiolojia, anayejua kila jiwe isipokuwa lile alilolikalia. Dada wa akiolojia, aliyetutangulia mwaka mmoja na kwa hiyo anatuita "watoto". Na mwenzetu wa Mbinga, anayesomea ualimu wa sayansi, aliyekuja kujitolea baada ya kusikia kwamba mahogo mengi ya rafuni yametoka bonde la mto Ruhuhu, upande wa kwao.

Hogo letu lilikuwa rafu ya kati, nyuma ya maboksi. Tumelipima kwa mizani ya magunia: kilo 61. Kibandiko kimeliwa na mchwa. Yamebaki maandishi "RUH", kisha pengo, kisha "1", tundu la mchwa, na "2". Nimeandika: RUH, namba 12, alama ya kuuliza. Stoo imehamishwa mara mbili tangu maabara ianze, na katika kuhama huko daftari la mapokezi la zamani halikufika salama.

Vifaa tumevikagua. Kompresa inanguruma kama trekta lakini inafanya kazi. Kalamu za hewa mbili, moja nzima. Asetoni ipo rafu ya juu kabisa stoo; ukipanda juu ya lile jiwe jeupe la pembeni unaifikia.

6 Machi

Tumefungua. Mjomba alikata plasta kwa msumeno mdogo kuzunguka ukingo, polepole, huku akiipiga kwa kidole na kusikiliza mlio, kama mnunuzi wa tikiti maji. Kifuniko kilipotoka tulitegemea kukuta karatasi za chooni, ndizo zinazotumika siku hizi. Tumekuta gazeti.

Mjomba alicheka mpaka akakaa. Anasema karatasi za chooni huisha wiki ya pili ya kila safari ya uwandani, na zinaishia panapostahili.

Chini ya gazeti kuna tope lililogeuka mwamba, la kijivu chenye ukijani, na ndani yake ganda gumu la chokaa. Mfupa wenyewe unaonekana sehemu moja tu, ukubwa wa kiganja, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mwenzetu wa Mbinga akaulizia ile mbinu ya kuramba: mfupa wa kale una vitundu vidogo, hivyo hunata kwenye ulimi, jiwe la kawaida halinati. Mjomba akamwambia mbinu ni ya kweli, ila mfupa huu huenda uwandani umepakwa gundi, na ulimi ni wake.

Hakuna aliyeramba.

7 Machi

Siku nzima ya gazeti. Sikutegemea.

Ni ukurasa wa matangazo madogo. Plasta imekula kichwa chake, lakini pembeni pamebaki "Jumatano, Agosti 13". Mwaka hakuna. Mwenzetu wa jiolojia akafungua kalenda ya simu na kurudi nyuma: tarehe 13 Agosti ilikuwa Jumatano mwaka 1997, 2003, 2008 na 2014. Dada akasema 2025 nayo ilikuwa Jumatano, ila yeye alilikuta hogo hili rafuni alipoingia mwaka wa kwanza, kwa hiyo hiyo haimo. Tukabaki na minne.

Tukasoma matangazo yote. Kiwanja kinauzwa, hati ipo. Mganga anatibu nguvu na madeni. Halafu, chini kabisa, fundi wa magodoro: "piga au tuma WhatsApp". WhatsApp ilianza mwaka 2009. Basi ni 2014.

Dada akatukumbusha kwamba gazeti halisemi hogo lilifungwa lini. Linasema halikufungwa kabla ya hapo. Gazeti linaweza kukaa dukani Songea miezi likifungia maandazi kabla halijafika uwandani. Nimeandika hivyo hivyo: si kabla ya 13 Agosti 2014. Mwalimu kaahidi kutafuta majina ya wanafunzi waliokwenda safari za mafunzo za mwaka huo na unaofuata.

13 Machi

Saa za kalamu hadi leo: tisa kwangu, saba kwa dada, nyingine zimeliwa na umeme kukatika.

Kalamu ya hewa si kalamu. Ni nyundo ndogo yenye ncha ya chuma kigumu, inayosukumwa na upepo wa kompresa na kutetemeka haraka kiasi kwamba jicho halioni. Unaiegemeza kwa mshazari, unalitafuna jiwe punje kwa punje, na kila ukikaribia mfupa unabadili na kushika sindano. Anayefanya kazi vizuri kwa siku nzima anasafisha eneo la kadi ya benki. Barakoa lazima iwe ile ya kuziba kabisa, kwa sababu vumbi la mwamba lina silika, na silika ikishaingia kwenye mapafu haitoki. Mjomba ana wenzake wa machimboni waliokwenda hivyo. Hasemi zaidi, ila ukishusha barakoa kidevuni anazima kompresa.

Leo mfupa umeanza kuwa na umbo. Ni mrefu, umetanuka ncha zote mbili, katikati umebanwa kama kiuno cha nyigu. Ubaoni tayari kuna majina. Ilianza kama utani: mwenzetu wa Mbinga aliandika Asilisaurus kongwe, yule mnyama wa Ruhuhu aliyetangazwa mwaka 2010, jamaa wa karibu wa dinosaria. Mwenzetu wa jiolojia akaongeza wale wa bonde la Rukwa, Shingopana na Mnyamawamtuka moyowamkia, ambaye pingili yake ya mkia ina umbo la moyo. Halafu chini yao tukaanza kubuni la kwetu. Kila mtu alitaka mla nyama.

Mwalimu akaingia, akasoma, akachukua dasta. Akafuta ya kwetu tu, yale ya kweli akayaacha. Hakusema neno.

17 Machi

Kwenye daladala nilikuwa na kitabu cha mifupa. Mzee mmoja akaniuliza nasoma nini, nikamweleza. Akasema, "Ehe! Sasa yule mjusi wetu wa Ujerumani anarudi lini?"

Kila anayesoma mambo haya Tanzania ameulizwa swali hilo. Mjusi ni yule wa Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale kwa nguvu za mamia ya vibarua. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, zikaenda Berlin. Dinosaria mmoja wa huko, Giraffatitan, alisimamishwa kwenye jumba la makumbusho mwaka 1937, na leo kimo chake ni mita 13.27. Bungeni suala lake limeulizwa mara kadhaa. Nilimwambia mzee siijui tarehe, ila nikamweleza kitu kingine: kwamba mizigo mingine ya Tendaguru ilifungwa kwa mianzi, na baadhi ilikaa Berlin miaka mingi mno bila kufunguliwa. Akanitazama kama niliyemtania. "Wameichukua halafu hawakuifungua?"

Nilikumbuka rafu yetu, nikanyamaza.

20 Machi

Nimevunja.

Naandika yote kwa sababu ndiyo kazi ya shajara hii. Saa nne na robo asubuhi, upande wa kiuno cha mfupa. Ganda la chokaa lilikuwa limebaki unene wa ukucha, likawa halitoki, nikabadilisha mshazari na kusimamisha kalamu wima. Sikupaswa. Kikasikika "tik", na kipande cha ukubwa wa punje ya mhindi kikaruka.

Tulizima kila kitu. Tukapiga magoti sakafuni wanne, na tochi za simu, tukifagia kwa brashi ya rangi na kuchekecha vumbi kwenye ungo. Saa mbili. Dada alikikuta ndani ya mkunjo wa mkono wa koti langu.

Shetani alinijia kwa sura ya supaglu. Ipo kwenye droo, tone moja, sekunde kumi, nani angejua? Mjomba akaifunga droo kwa goti, kana kwamba kwa bahati mbaya, halafu akanionesha ule mfupa wa mfano alionao dirishani. Mtu fulani, miaka ya nyuma, aliuunga kwa supaglu na akaukosea kwa milimita mbili. Haiachii. Ukilazimisha, unavunjika pengine pabichi. Sisi tunatumia Paraloid B-72, chenga za plastiki zinazoyeyushwa kwenye asetoni: nyembamba kama maji kwa kuunywesha mfupa uliolegea, nzito kama asali kwa kuunga. Atakayekuja miaka hamsini baadaye na kuona tulikosea, atapaka asetoni na kuachanisha bila matusi.

Kipande kimerudi mahali pake. Nimekipiga picha kabla na baada, na mstari wa mpasuko nimeuchora kwenye ukurasa wa kushoto. Mwalimu alisaini bila maoni.

27 Machi

Umeme ulikuwepo nusu siku. Kompresa ikilala tunafanya kazi ya darubini, leo tumefanya ya "sanduku la yatima".

Sanduku hilo lina mifupa isiyojulikana ilikotoka. Vipande vizuri tu, vingine vizuri kuliko chetu, ila kibandiko hakuna na aliyeokota hajulikani. Huwezi kusema ni vya miaka milioni ngapi, wala vya bonde lipi. Ndiyo maana sisi wanafunzi tunaruhusiwa kuvikata.

Tumekata kimoja kwa msumeno wa mawe wa jiolojia, tukakibandika kwenye kioo, tukakisugua kwa unga wa kusagia mawe na maji, duara kwa duara, mpaka mwanga ukapita. Mikono inauma hadi sasa. Chini ya darubini kilikuwa kizuri cha kutisha: mfupa uliosukwa kwa njia za mishipa ya damu, nyingi na za ovyo ovyo, alama ya mnyama aliyekua haraka. Halafu mstari mwembamba mweusi. Halafu kukua tena, halafu mstari mwingine. Ni kama mti: mstari ni msimu ambao kukua kulisimama, labda kiangazi kikali, labda njaa. Tulihesabu mistari mitatu.

Mnyama aliyepita misimu mitatu migumu. Wapi? Lini? Mwenzetu wa Mbinga alirudisha kipande kwenye sanduku akafunga kifuniko kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

3 Aprili

Ndoto ya mla nyama imekufa saa tano na nusu.

Pembeni mwa mfupa mrefu, ambao sasa tunajua ni wa juu wa mkono, sindano ya dada iligonga kitu laini, kinachong'aa. Tulidhani ni jiwe jingine. Kadiri alivyosafisha kikazidi kujipinda na kuingia ndani ya kipande cha utaya wa juu. Ni jino la chonge, nene kama kidole gumba. Mbele yake hakuna jino jingine hata moja; ukingo wa utaya umenyooka na kuwa mkali, kama mdomo wa kobe.

Disinodonti. Mla majani mwenye mdomo wa kobe na chonge mbili. Dada alicheka, mwenzetu wa jiolojia akasonya. Ukienda Ruhuhu ukakosa disinodonti, ujue umelala garini.

Mimi, kusema kweli, nilifurahi. Huyu si mjusi kabisa. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na mbuzi wa kwetu, na mimi mwenyewe, kuliko na mjusi wa ukutani. Nikimwona yule mzee wa daladala nitamwambia.

Sasa swali ni yupi. Wako wengi, wakubwa na wadogo, wachimba mashimo na wasiochimba. Anayetenganisha ni fuvu, hasa juu na nyuma yake, na sisi tuna kipande cha utaya. Mwalimu alitueleza habari ya Teleocrater, mnyama mwingine wa kale wa huko huko Ruhuhu. Mtafiti Parrington aliikusanya mifupa yake mwaka 1933. Mtafiti mwingine, Charig, akaichambua miaka ya 1950, akaipa jina kwenye tasnifu yake, lakini hakuweza kusema kwa uhakika mnyama huyo ni wa ukoo gani. Mifupa muhimu ilikosekana, ukiwemo wa kifundo cha mguu. Mingine ikapatikana huko kusini mwaka 2015, na jina likatangazwa rasmi 2017. Kifundo kilikuwa cha namna ya mamba, kwa mnyama wa upande wa ukoo wa ndege na dinosaria. Miaka 84 tangu mfupa wa kwanza uokotwe.

"Kwa hiyo msiwe na haraka," akasema. Alikuwa anamwangalia mwenzetu wa jiolojia, ambaye alikuwa ameshaanza kuandika jina la jenasi kwa penseli.

9 Aprili

Amepatikana! Mwalimu aliyaona majina ya safari ya 2014 kwenye fomu ya posho. Fomu za posho hazipotei. Mmoja wao sasa ni mwalimu wa sekondari. Dada ndiye aliyepiga simu, kwa heshima zote, "shikamoo dada, samahani kwa kukusumbua", na upande wa pili kukawa kimya kidogo, kisha: "Lile lenye gazeti? Bado lipo?"

Daftari lake la uwandani analo, liko nyumbani kwa wazazi. Atakwenda mwisho wa wiki.

Wakati tunasubiri tumefanya kazi ya kuchosha: tumejaza vifuko vya mchanga vya kulazia mfupa, tumechekecha tope lililotoka kwenye hogo kutafuta vijino na magamba. Hadi sasa hakuna kitu isipokuwa mzizi na kipande cha pakiti ya biskuti.

Ombi la kupiga picha za eksirei za mkato kwenye hospitali limejibiwa: wagonjwa kwanza. Ni haki yao.

17 Aprili

Picha ya ukurasa imefika kwa simu, moja, imepinda, kivuli cha kidole juu yake. Nimeinakili yote kwenye daftari letu neno kwa neno. Tarehe 29 Agosti. Gazeti lilikuwa na siku 16 tu. Fundi wa magodoro hakusafiri sana.

Ameandika kwamba mfupa ulikuwa kwenye tope la kijivu-kijani, chini ya ule mchanga-mwamba mweupe unaotokeza kama paa, hatua 40 chini yake kwenye mteremko. Kipimo cha setilaiti kimeandikwa. Kwa tahadhari kaongeza: "hatua 212 kusini mwa mninga uliopigwa radi."

Mwenzetu wa jiolojia alisoma mstari wa mchanga-mwamba mara tatu, akasimama. Paa hilo, kwa maelezo yake, ni mchanga-mwamba wa Kingori, ambao ndio mwanzo wa tabaka za Manda. Chini yake ziko tabaka za Usili. Kati ya tabaka hizo mbili upo ule mwisho mkubwa wa miaka milioni 252 iliyopita, maangamizi makubwa kuliko yote yaliyowahi kuwapata viumbe wa dunia hii. Disinodonti wako pande zote mbili, wachache waliovuka na wengi waliokufa, ila si wale wale. Juzi mnyama wetu alikuwa disinodonti wa mahali fulani, wakati fulani. Leo ni wa kabla. Aliishi, akala majani, akafa, na balaa lilikuwa bado halijafika. Tumejua hivyo kwa sababu msichana mmoja, jioni, amechoka, alihesabu hatua 40.

Mstari wa mwisho wa ukurasa una jina. "Aliyeuona kwanza", na jina kamili la mwenyeji aliyekuwa akiwaonesha njia, mkulima wa pale. Hapa silirudii kwa kuwa hatujamwomba ruhusa, ila kwenye daftari la mapokezi tumeongeza safu mpya yenye kichwa hicho hicho, na jina lake ndilo la kwanza. Dada ndiye aliyeidai safu hiyo. Anasema Tendaguru ilimchukua msimamizi mkuu Boheti bin Amrani karibu karne nzima kupata dinosaria mwenye jina lake, Australodocus bohetii, mwaka 2007, na Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine, alingoja hadi 2019 na Wamweracaudia keranjei. Nao walibahatika, kwa sababu majina yao yaliandikwa mahali. Vibarua wengine waliingia kwenye hesabu ya mishahara tu.

Ukurasa wa pili haukufika. Bando lilimwishia.

24 Aprili

Mfupa wa mkono umesafishwa upande mmoja wote. Sentimita 19. Tumepiga picha 140 kwa kuuzungusha kwenye sahani ya keki ya kuzunguka, aliyoazima mwenzetu wa Mbinga kwa shangazi yake, ili programu iziunganishe kuwa umbo la pande zote. Kompyuta ya maabara iliganda mara mbili, ya tatu ikakubali usiku wa manane. Kwenye skrini ule mpasuko wangu unaonekana vizuri sana.

Mwalimu ameruhusu namba ya kudumu itolewe wiki ijayo. Kwenye safu ya utambulisho tumeandika "disinodonti, jenasi haijulikani". Mwenzetu wa jiolojia alijaribu kubishana hata kwenye alama ya mkato.

30 Aprili

Ukurasa wa pili umeingia saa tatu asubuhi, na ujumbe mfupi: "Samahani wadogo zangu, mtandao huku ni wa kupanda mlimani. Vipi, na lile lingine mmelifungua?"

Lile lingine?

Ukurasa unasema hivi: "Hogo 1/2: mfupa wa mkono, kipande cha utaya. Hogo 2/2: mbavu nne, nyuma ya fuvu." Chini amechora mchoro mdogo wa mifupa ilivyokaa, hogo la kwanza kushoto, la pili kulia.

Nilikwenda kwenye kile kibandiko tulichokihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. RUH, pengo, 1, tundu la mchwa, 2. Tundu limelala mshazari. Mchwa alifuata wino wa mkwaju akaula, akaacha tarakimu. Nilikuwa nimeandika 12, kwa mwandiko mzuri kabisa, na kila mmoja wetu akatia saini.

Tukaanza kutafuta. Rafu ya juu, ya kati, ya chini, chini ya meza, nyuma ya jokofu. Mwenzetu wa Mbinga akaenda hadi kwenye kontena la nje. Mahogo sita, yote yana vibandiko vyake, hakuna letu. Mjomba alikuwa amekaa kimya kwenye kiti chake, macho yako stoo, hayabanduki.

Akavua kofia. "Wanangu," akasema, "asetoni mnaifikiaje?"

Lile jiwe jeupe la pembeni tumelikanyaga tangu Machi, na waliotutangulia wamelikanyaga miaka. Juu limesuguka likang'aa kwa soli za viatu. Tumelitoa kwenye mwanga, wanne, taratibu, tukalifuta kwa kitambaa kibichi, na ubavuni nyuzi za katani zikajitokeza. Kibandiko hakipo. Ila kwenye kona ambako plasta imemeguka kunachungulia kipande cha gazeti, na mwenzetu wa jiolojia, akiwa amelala kifudifudi sakafuni na tochi mdomoni, anasoma kwa sauti bei ya godoro la futi tano kwa sita.

Mwalimu amepigiwa simu. Kasema tusiguse chochote mpaka nifungue ukurasa mpya.